Tahadhari: Muuzaji wa "joka-njiwa" Kariakoo ni tapeli

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, kwa sababu Jumamosi iliyopita nilitoa shilingi 180,000 taslimu kununua mnyama ambaye hayupo duniani.

Muuzaji ni kijana mtanashati mwenye kauli laini, anayezunguka Kariakoo na kikapu kilichofunikwa kanga. Aliniambia kuwa ndani yake mna joka-njiwa, joka dogo la kufugwa nyumbani, lisilouma wala kutoa sauti. Alipofunua kanga taratibu niliona kichwa chekundu, kiwiliwili cha buluu na mabawa mawili ya rangi ya dhahabu yaliyolala mgongoni. Akamweka kiganjani mwangu. Mnyama alitulia tuli, akafumba macho, na alikuwa wa baridi kama bilauri iliyotolewa kwenye friji, kijana akasema damu ya majoka ndivyo ilivyo, kisha akanong'ona, "Mama, amekupenda." Hapo ndipo nilipofungua pochi.

Mwanangu yuko katika hali ngumu tangu mwezi wa sita, ndiyo maana nilitaka kitu cha kumliwaza. Isitoshe, kijana alinionyesha kwenye simu picha za mijusi wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambao hutandaza ngozi iliyoshikiliwa na mbavu zao na kunyiririka hewani kutoka mti hadi mti. Mijusi hao wapo kweli, nami nilikwisha kusoma habari zao, ndiyo maana uongo wake ulipata pa kuegemea.

Usiku ule ule wekundu ulififia, ukawa kahawia. Asubuhi bawa moja lilibaki kwenye blanketi: kipande cha nailoni kilichopakwa rangi, na gundi ilikuwa imemchuna ngozi hadi nyama ikaonekana. Shemeji yangu, aliyekulia Mwanza, alimtambua papo hapo kuwa ni dume la mjusi wa majabalini, wale wanaoota jua juu ya mawe, ambao rangi yao hufifia usiku na wanapoogopa. Ule upole ulikuwa ni baridi tu. Nina hakika chini ya kikapu mlikuwa na barafu, maana mjusi akipoa mwili hawezi kukimbia. Alikufa Jumatatu, na mwanangu ameniuliza kama ni yeye aliyemvunja bawa.

Kijana huyo hakubali mabawa yaguswe, hasimami juani, hatoi risiti, na namba aliyonipa haipatikani. Akamatwe, arudishe fedha za watu, na afungwe, wala asiachiwe kwa faini ndogo, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kujikamatia wanyamapori bila kibali, na huyu anawakamata, anawatesa kwa gundi, kisha anawauzia watoto wetu. Nimekwisha kutoa taarifa polisi. Yeyote aliyeuziwa kama mimi aje na bawa lake tuongozane kituoni. Langu nimelihifadhi kwenye bahasha.