Gereji ya Ngamiani na kemshafti za nyuzi 256

Kwa gari la kila siku kati ya Tanga mjini na Muheza, naipendekeza gereji hii kwa moyo wote, kwa kuwa fundi wake huuliza kwanza gari linaendeshwa wapi, kisha ndipo hutaja bei. Injini yangu ni Toyota 4A-GE ya valvu 16, yenye kemshafti mbili (mihimili inayofungua valvu, yaani milango ya hewa na moshi) zinazotoka kiwandani zikiwa na nyuzi 240, yaani kipimo cha mzunguko wa injini ambao valvu hukaa wazi. Wengi wanaobadilisha kemshafti hukimbilia nyuzi 288. Lakini valvu zikikaa wazi muda mrefu hivyo, nguvu huhamia mizunguko ya juu, injini hutetemeka gari likiwa limesimama, na mvuto wa hewa unaosaidia breki hupungua, jambo la hatari hasa nyuma ya malori. Tulichagua 256. Fundi alipima mwanya wa kila valvu injini ikiwa baridi, milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa na 0.20 hadi 0.30 upande wa moshi, akabadilisha vibati vya kusawazishia mwanya huo kimoja kimoja bila haraka. Kasoro ni kwamba vibati hivyo huagizwa Dar es Salaam, hivyo gari hulala gereji.