Element kwenye ofisi ya forodha: miezi minane na seva yetu wenyewe

Sisi ni mawakala wa forodha, ofisi iko jirani na Mtaa wa Samora. Kila kontena la Zambia tunalolitoa bandarini tunalikabidhi kwa wenzetu wa Tunduma, mpakani na Zambia, kampuni nyingine kabisa yenye bosi wake na makarani wake. Miaka yote tulirushiana ankara na TANSAD (fomu za tamko la forodha) kwenye grupu la simu. Karani wetu mmoja alipoacha kazi, zikapita wiki sita bila mtu kukumbuka kumtoa. Wiki sita nyaraka za wateja zinaingia kwenye simu ya mtu ambaye si wetu tena! Mimi ndiye nasimamia kompyuta za ofisi, na jambo hilo liliniuma sana.

Nilitaka programu ya ujumbe ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, yenye usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, yaani ujumbe wanausoma wanaoandikiana tu, na kila kampuni ibaki na seva yake, mashine inayopitisha ujumbe wake. Sharti hilo la mwisho ndilo lililochuja. Signal ni salama na msimbo wake uko wazi, lakini wote mnapitia seva zao. Mattermost, programu nyingine ya ujumbe, unaiweka kwenye seva yako, ila anayeshika seva anaweza kusoma ujumbe, na sikutaka hata mimi niwe na uwezo huo. Nikabaki na Element, inayotumia itifaki (kanuni za mawasiliano) ya Matrix iliyoanza 2014. Serikali ya Ufaransa nayo imejenga Tchap, programu ya ujumbe ya watumishi wake, juu ya Matrix hiyohiyo.

Matrix inaenda kama barua pepe: wewe uko kwa mtoa huduma wako, mimi kwa wangu, na tunaandikiana. Ila chumba cha mazungumzo hakikai sehemu moja. Kila seva yenye mtu humo inatunza nakala yake. Hilo nilikuwa nimelisoma tu, mpaka usiku mmoja wa masika umeme ulipokatika na betri za ofisi zikaisha. Seva yetu ikazima. Tunduma wakaendelea kuandikiana kwenye chumba kilekile, malori manne yakavuka, na asubuhi nilipowasha mashine ujumbe wote wa usiku ukaingia na kujipanga mahali pake. Nikampigia karani wao: "Kaka, vyote vimefika." Siku hiyo ndiyo niliacha kuwa na wasiwasi na uamuzi wangu.

Synapse, programu ya seva, inataka mashine yenye nguvu. Nilianza na RAM ya GB 2 na hifadhidata ya SQLite, nikajiunga na chumba cha umma chenye maelfu ya watu, ikaganda. Nikahamia hifadhidata ya PostgreSQL na RAM ya GB 8, imetulia.

Kilichonitesa zaidi ni ufunguo wa kurejesha ujumbe wa zamani, ule msururu mrefu wa herufi na tarakimu unaopewa mwanzoni. Dereva wetu mmoja, mtu mzima, aliibiwa simu Mbagala, na ufunguo hakuwa ameuandika popote. Akaunti nilimrudishia kwa dakika tano. Ujumbe wake wa zamani ukabaki hausomeki.

"Mwanangu, si wewe mwenye mashine?"

"Mzee, mashine ninayo. Funguo ulikuwa nazo wewe."

Ilikuwa vigumu kumwambia vile. Sasa kila mtu anauandika ufunguo wake kwenye karatasi, anaufunga kwenye bahasha, na bahasha zinakaa kwenye sefu ya mhasibu.

Ujue pia kisichofichwa: jina la chumba na orodha ya waliomo, seva inaviona. Kwa hiyo vyumba vyetu tunavipa namba za faili, kamwe si jina la mteja.

Kama mko watu watano chini ya paa moja na hakuna wa kuitunza seva, Signal inawatosha. Mkiwa kampuni mbili zinazofanya kazi pamoja kila siku, chukueni Element. Wiki hii wakala wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ameomba kuungana nasi. Seva anaweka yake mwenyewe. Kutoka kwetu anahitaji mwaliko tu.