"AC ndogo isiyotaka bomba": nyota mbili, na zote mbili za feni

Assalam alaykum. Kaskazi hii joto limetuandama mpaka usiku, basi mie nikaingia duka moja mjini nikatoka na hiki kiboksi wanachokiita AC ndogo, unatia maji na barafu kwenye tangi, unachomeka chaja ya simu, kwisha. Muuzaji akaniapia halitaki bomba wala fundi, chumba kitakuwa baridi kama benki. Bei siitaji, naona haya.

Wiki ya tatu hii. Ukiliweka mbele ya uso raha unaipata, sikatai, ukirudi hatua mbili hamna kitu. Nikatundika kipimajoto ukutani: saa nane mchana 31, saa kumi 32, na madirisha nimefunga kama alivyoniambia, na shuka lina unyevu utasema limeanuliwa kabla halijakauka.

Kosa langu lakini, maana haya nilisomeshwa fomu siksi nikayakariri kwa ajili ya mtihani tu. Entropi ile. Tukiambiwa ni "kipimo cha mvurugiko", watu wakatoa mfano wa chumba kisichofagiliwa, mie naona mfano ule unapoteza zaidi kuliko kufunza. Clausius, yule Mjerumani aliyelitunga hilo neno mwaka 1865, alikuwa anapiga hesabu ya joto: joto lililohama gawa kwa halijoto ya pale pahala, kwa kelvini (selsiasi ujumlishe 273). Basi.

Kilo moja ya barafu kuyeyuka inanyonya kama kilojuli 334. Barafu iko kelvini 273, kwa hiyo entropi yake inapanda 1.22, chumba kiko 303 hivi, chake kinashuka 1.10 (kilojuli kwa kelvini, wenye kupenda yunit). Kilichopanda kimezidi kilichoshuka, ndo maana barafu inayeyuka yenyewe bila kuombwa, na hujapata kuona maji yakajigandia mezani kaskazi. Sheria ndo hiyo: entropi kushuka pahala pamoja inaweza, lakini lazma kwengine ipande kwa kiasi kile au zaidi.

Sasa barafu yangu inatoka wapi? Friji, lipo sebuleni hatua sita tu kutoka kitandani! Na friji haligandishi bure, joto lote lililolitoa kwenye maji pamoja na umeme wote liliokula linalitoa mgongoni, tia mkono nyuma uone. Yaani nyumba nzima nikiijumlisha nimeizidisha joto, na tukuza (umeme wa kulipia kabla) juu inaisha mbio.

Na lile la maji kukauka yakapoza hewa, nchi kavu linasaidia kweli, huku kwetu hewa ishashiba maji, yakakaukie wapi?

AC ya kweli nayo haiponi na sheria hiyo, ila joto inalitupa nje. Pita kichochoro cha nyuma ya hoteli Mji Mkongwe upigwe na ule upepo wa moto, ule ndo joto la chumba cha mgeni na umeme wake juu. Kwa hiyo yakhe, ukiambiwa halina bomba wala kipande cha nje, uliza joto linatupwa wapi. Mie sikuuliza.

Nililirudisha, wakanambia kikishafunguliwa boksi hakirudi. Sasa kipo kwenye cherehani ya mama, kinampepea, anakisifu kila siku. Barafu hatii.