Breki ngumu: fundi ambaye hakukimbilia kubadilisha busta

Nilichompendea fundi huyu aliyeshughulikia breki ngumu za gari langu ni subira. Alizima injini, akakanyaga breki mara kadhaa hadi pedali ikakaza, akaacha mguu palepale, kisha akawasha. Busta, kifaa kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kuusaidia mguu kukanyaga breki, ikipata mvuto, pedali hushuka kidogo, yangu haikutikisika. Wengi wangeishia hapo na kukuuzia busta mpya. Yeye alichomoa mpira wa vakyumu, yaani bomba linaloleta mvuto huo, kwenye busta injini ikiunguruma, akaziba tundu kwa kidole: mvuto hafifu. Akaufuata mpira hadi kwenye manifoldi, sehemu ya injini mvuto unakotoka, akakuta ufa umejificha chini ya kibanio. Akafunga mpira mpya, akaipuliza vali iliyo kwenye njia hiyo ya hewa kuhakikisha inapitisha hewa upande mmoja tu. Pedali sasa ni laini. Lawama yangu: ni mchoyo wa maneno, maelezo yote haya nimemkamua.