Fremu za bei nafuu kwa picha za nyumbani: uzoefu wangu

Fremu ninazozizungumzia ni zile za bei ya chini kabisa: ubao mwepesi uliobandikwa karatasi yenye michirizi ya mbao, kioo mbele, kadibodi nyuma, na vile vibati vidogo vya kukunja vinavyoshikilia kila kitu. Nimezitumia kwa miaka sasa, sebuleni na kwenye korido, na nimeridhika nazo. Nakala ya picha ya mama akiwa msichana imekaa humo muda wote na rangi yake bado ipo. Ila nina sharti moja ambalo silegezi: picha isiguse kioo.

Uso wa picha una tabaka la jelatini, na jelatini hufyonza unyevu. Hewa ikiwa na majimaji, tabaka hilo huvimba na kulainika, likikauka hung'ang'ania kioo. Ukijaribu kuibandua, rangi inabaki kwenye kioo na wewe unabaki na karatasi. Kagua fremu zako leo: ishike karibu na dirisha, iinamishe kidogo, uiangalie kwa upande. Ukiona mabaka yanayong'aa kana kwamba kuna maji yamenaswa katikati, picha imeshaanza kunata. Hapo usivute. Ipige picha au iskani ikiwa ndani ya kioo hichohicho, kwanza uwe na nakala.

Kinga yake ni karatasi nene yenye dirisha katikati, ile inayoizunguka picha kama ukingo mweupe. Wengi huiona pambo tu, kumbe kazi yake kubwa ni kuacha nafasi kati ya picha na kioo. Fremu nyingine za bei nafuu huja nayo tayari, na hizo ndizo ninazonunua. Huwa nachukua fremu ya sentimita 20 kwa 25 kwa ajili ya picha ya 13 kwa 18. Ukingo unapatikana, na picha ndogo inapata heshima ukutani. Isipokuja nayo, unaweza kuikata mwenyewe kwa wembe mkali na rula ya chuma, mradi karatasi iwe nene na isiyo na asidi.

Udhaifu wa fremu hizi uko nyuma. Kadibodi ile ya kahawia ina asidi, na taratibu huigeuza picha kuwa ya manjano. Naweka karatasi nyeupe isiyo na asidi katikati ya picha na kadibodi, basi. Picha yenyewe siigusishi selotepu wala gundi. Naishikilia kwa vipembe vya karatasi kwenye kona. Zile zenye plastiki badala ya kioo ni nyepesi na hazivunjiki, jambo zuri kwenye nyumba yenye watoto, lakini huvuta vumbi na kukwaruzika upesi. Usizisafishe kwa dawa ya vioo yenye amonia, zitapata ukungu. Na hata kwenye kioo cha kweli, nyunyizia kitambaa, usinyunyizie fremu, maana maji hupenya pembeni na kuingia ndani.

Mahali pa kutundika: mbali na jua la moja kwa moja, mbali na jiko na bafu, na usiweke kwenye ukuta unaotoa unyevu. Mwanga ukishapausha rangi hauzirudishi. Ndiyo maana ukutani kwangu kuna nakala tu. Picha halisi zimelala kwenye boksi kabatini, gizani. Kuchapisha nakala ni gharama ndogo, na hapo ndipo ningeshauri hela iende kuliko kwenye fremu ya kifahari. Kwa ukubwa wa 13 kwa 18 hakikisha faili ina angalau pikseli 1500 kwa 2100. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, kwa hiyo mwambie ndugu yako aitume kama dokumenti.

Kuhusu albamu sina mengi. Za mifuko ya polipropilini, aina ya plastiki salama kwa picha, ni nzuri na hazina gharama kubwa. Ukiifungua ikanukia plastiki kali, iache dukani, huenda ni PVC, plastiki ya aina nyingine, na hiyo hutoa kemikali zinazodhuru picha. Zile za zamani zenye kurasa za gundi na nailoni juu ndizo zinazoniumiza roho, kwa sababu familia nyingi zimeweka humo picha za harusi na za wazee waliokwisha tangulia. Gundi yake hubadilika rangi na kushika vibaya. Kuzitoa, pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, polepole, kutoka kona moja hadi nyingine, bila kuikunja. Zikigoma, ziache zilivyo na uzipige picha humohumo, ukurasa kwa ukurasa.