Nairobi hadi New York bila kutua: nauli inalipa?

Ukiiuliza intaneti umbali wa Nairobi hadi New York, itakujibu kilomita 11,800 hivi, kisha itaugawa kwa mwendo wa ndege na kukupa saa 13. Usipange safari kwa hesabu hiyo. Ndege ya Kenya Airways, iliyoanza kwenda moja kwa moja Oktoba 28, 2018, hukaa angani karibu saa 15 kwenda, na takriban 14 kurudi. Tofauti inaletwa na upepo wa juu ya Atlantiki, unaovuma kutoka magharibi: wakati wa kwenda unaikabili ndege usoni, wakati wa kurudi unaisukuma mgongoni.

Kuondoka usiku ni uamuzi mzuri mno. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege iliyobeba mafuta ya saa 15 huhitaji hewa ya baridi ili inyanyuke na uzito wake. Abiria naye hulala, akafika JFK, uwanja wa ndege wa New York, asubuhi.

Ndege yenyewe ni Boeing 787-8. Shinikizo la hewa ndani ni la mtu aliye mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, si 2,400 kama kwenye ndege nyingi za zamani, ndiyo maana kichwa hakiumi sana. Viti vya daraja la kawaida vimepangwa vitatu vitatu mara tatu kwa mstari. Hapo usibane fedha: lipia kiti cha kando ya njia, maana saa 15 katikati ya watu wawili ni mateso, na miguu isiyonyooshwa huvimba.

Kupitia Doha ni saa 5 na kisha 14 angani, kabla hujahesabu kusubiri. Mara nyingi nauli ni nafuu, lakini mwenye watoto au mzee achukue ya moja kwa moja bila kusita.

Yanayoharibu safari hii mara nyingi yako chini, si angani. Fika uwanjani saa 4 kabla ya ndege kuondoka. Ukaguzi huanzia barabarani. Unga wa ugali uliozidi ujazo wa mililita 350 uweke kwenye begi kubwa, kwani mkononi unaweza kuzuiwa. Nyama usibebe kabisa. Kama unaendelea Chicago au Dallas, mizigo yote utaichukua JFK, upite forodha, uikabidhi upya. Chini ya saa 3 kati ya ndege hizo mbili ni kujitafutia kuachwa.

Anayekupokea mwambie saa za huko: New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, na kwa saa 7 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba.