Fundi funguo wa Mwanjelwa: ufunguo wa pili wa Rumion yangu umepatikana Mbeya hapahapa

Kazi niliyofanyiwa na fundi funguo wa pale Mwanjelwa, kwenye mstari wa maduka ya spea za magari, ni kazi ambayo watu wengi huku bado wanaamini haifanyiki mpaka gari lifike Dar. Naandika kwa urefu kwa sababu wenzangu katika biashara ya miche ya parachichi karibu wote wanaendesha magari yaliyotumika Japani, na mengi yalishuka bandarini na ufunguo mmoja tu. Ninaujua wasiwasi huo, nimeubeba muda mrefu.

Gari langu ni Toyota Rumion ya mwaka 2009, lenye ufunguo wa kuingiza kwenye swichi na rimoti juu yake. Nalitumia kupeleka miche Rungwe, na msimu wa kupanda siku nyingi nashinda Kiwira na Tukuyu, mvua ikinyesha, nikiingia na kutoka kwenye mashamba yenye nyasi ndefu. Ufunguo ule mmoja ungedondoka humo, gari lingelala pale na miche ikiwa ndani. Niliwahi kumpigia wakala mmoja wa magari Dar. Akanijibu niende na gari lenyewe, kisha nisubiri ufunguo uagizwe kwa namba ya chesisi. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Mwenye ufunguo mmoja ataendesha, lakini aliyepoteza wote itabidi alipakie gari kwenye lori. Sikuona sababu ya kulipia safari hiyo kwa kitu kinachoingia mfukoni.

Nilipofika kwa huyu fundi nilitaka kujua bei. Yeye alitaka kwanza kuona kadi ya gari.

“Shikamoo mama. Kadi unayo?”

“Marahaba. Ipo nyumbani.”

“Basi mama yangu, ifuate. Bila kadi na kitambulisho sigusi gari la mtu, hata angekuja mdogo wangu wa tumbo moja.”

Nilirudi Ilomba kuifuata, na sikukasirika hata kidogo. Alilinganisha jina na kitambulisho changu cha NIDA, akafungua mlango akasoma namba ya chesisi, akaandika vyote kwenye daftari lake, kisha nikasaini. Mashine inayonipatia mimi ufunguo wa pili inaweza kumpatia mwizi ufunguo wa kwanza. Fundi asiyekuuliza kadi hatamuuliza na huyo mwingine atakayekuja na gari lako. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kumtofautisha na mafundi wengine.

Baada ya hapo akauweka ufunguo wangu kwenye kifaa kidogo cha Xhorse, na kioo kikaonyesha una chipu ya aina ya 4D. Alinieleza inavyofanya kazi, nami nayaweka hapa kwa sababu mwenye gari akielewa hili hadanganyiki kirahisi. Chipu imejificha ndani ya kichwa cha plastiki na haina betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili, yaani waya uliozungushwa. Ukiwasha, koili inatoa mawimbi ya redio, kwa chipu hizi takribani kilohezi 134. Chipu inapata nguvu kutoka kwenye mawimbi hayohayo, halafu inalijibu swali la kompyuta ya gari kwa hesabu iliyojengwa juu ya namba yake ya siri. Jibu likiwa sahihi injini inaruhusiwa kuwaka. Likiwa si sahihi, starta itazunguka bure, au injini itawaka kidogo na kuzima. Ndiyo maana betri ya rimoti ikifa milango haifunguki kwa kubonyeza, lakini ufunguo bado unafungua kwa kuzungusha na gari linawaka kama kawaida. Ndiyo maana pia ufunguo wa kuchonga tu, hata uwe umechongwa vizuri namna gani, utafungua mlango na kukuacha umekaa ndani ya gari lisilowaka.

Si kila gari lina kitu hiki. Ulaya ilianza kukilazimisha kwa magari mapya mwaka 1998, na Corolla nyingi za zamani zinazozunguka hapa mjini hazina. Jirani yangu ana moja ya hizo, na kuna mtu alitaka kumtoza pesa ya kuprogramu. Hakukuwa na cha kuprogramu! Alihitaji kuchongewa tu, kazi ya shilingi elfu chache. Kama huna uhakika na gari lako, zungushia kichwa cha ufunguo karatasi ya alumini ile ya kufungia chakula, kaza vizuri, kisha jaribu kuwasha. Likigoma, na ukiitoa karatasi likawaka, una chipu. Tazama pia dashibodi gari likiwa limezimwa: taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima mara nyingi ni dalili kwamba ulinzi huo upo.

Hapo ndipo tulipofika kwenye uamuzi ambao naona ndio kiini cha biashara yote hii, na wateja wengi hawaambiwi. Kuna njia mbili za kupata ufunguo wa pili. Ya kwanza ni kunakili: fundi anasoma chipu ya ufunguo wako na kuandika namba zilezile kwenye chipu tupu. Gari haliguswi kabisa, kazi ni fupi, na bei ni nafuu. Ya pili ni kusajili: chipu mpya yenye namba yake yenyewe inaingizwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya gari, na gari linajua kuwa sasa lina funguo mbili.

Kwa macho ya mwenye gari matokeo ni yaleyale, linawaka. Tofauti inaonekana siku ufunguo mmoja umeibwa. Zikiwa zimesajiliwa, fundi anaufuta ule uliopotea, anabakiza ulio mkononi mwako, na aliyeuokota hawezi kuwasha gari. Zikiwa za kunakili, gari linaziona zote mbili kuwa ni ufunguo mmoja, kwa hiyo huwezi kuufuta wa mwizi bila kuufuta wako. Fundi alinieleza haya kabla sijatoa hata senti, ingawa njia ya kunakili ingemchukua muda mfupi zaidi na bado angelipwa. Nilichagua kusajili. Baadaye nilisoma kwamba chipu hizi za 4D ni za kampuni ya Texas Instruments, za siri ya biti 40, na kwamba mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wa RSA, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha inawezekana kuivunja siri hiyo na kutengeneza nakala inayowasha gari. Kilichokuwa kazi ya maabara sasa kinafanyika kibandani Mwanjelwa. Nikaona nilichagua vyema.

Kuchonga kwenyewe kulinifundisha kitu kingine. Ufunguo wangu wa asili umeshalika, meno yamekuwa mviringo kwa miaka ya kuzungushwa. Mashine ya kawaida ya kuchongea ingefuata umbo hilohilo lililolika, na ufunguo mpya ungezaliwa mzee. Huyu fundi alipima kina cha kila jino, akakirudisha kwenye vipimo vya kiwandani, kisha akachonga kwa vipimo hivyo. Alijaribu kwanza kwenye mlango wa dereva, halafu swichi, bila kulazimisha popote. Ufunguo mpya unazunguka laini kuliko wa zamani.

Kusajili alitumia mashine ya Autel, aliyoichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Kabla ya kuichomeka alifunga chaja kwenye betri ya gari. Nilimuuliza sababu, akasema umeme wa gari ukishuka katikati ya kazi kompyuta inaweza kuchanganyikiwa, na hapo tatizo la ufunguo linageuka kuwa tatizo la kompyuta. Ana jenereta ndogo mlangoni kwa ajili ya siku TANESCO wanapokata. Kwenye kioo tuliona idadi ya funguo ikipanda kutoka 1 hadi 2. Akaniambia niwashe mwenyewe kwa ufunguo mpya, nizime, niwashe kwa wa zamani, nizime tena. Hakutaka kupokea pesa kabla sijafanya hivyo.

Rimoti ndiyo iliyochelewesha. Magari mengi ya soko la Japani hutumia masafa ya megahezi 312 hadi 315, na rimoti nyingi zinazouzwa ovyo madukani ni za megahezi 433, ya Ulaya na kwingineko. Kwa nje zinafanana kabisa. Alikuwa na moja tu ya masafa yangu, ambayo vitufe vyake havikumridhisha, akanishauri niache ije nyingine. Nilichukua ufunguo bila rimoti, rimoti ikafuata kwa basi kutoka Dar, akaiunganisha bila kunidai pesa ya ziada. Ukienda kununua rimoti mwenyewe, uliza masafa kwanza, kisha ndio utazame umbo.

Nilipompeleka shemeji yangu wa Kyela nilikuwa tayari namwamini, lakini kazi yake ilikuwa ngumu zaidi: Toyota inayowashwa kwa kubonyeza kitufe, na ufunguo pekee uliokuwepo umepotea sokoni. Fundi alikwenda Kyela na vifaa vyake, nauli na chakula juu ya shemeji. Pamoja na kadi alitaka taarifa ya upotevu kutoka polisi, na alisubiri mpaka ilipoletwa. Mlango aliufungua bila kuvunja wala kukwaruza kitu. Gari likiwa halina ufunguo hata mmoja, mfumo wa ulinzi lazima urudishwe mwanzo ndipo ukubali mpya, na mashine ilimwambia asubiri dakika 16. Tulikaa chini ya mwembe kwa joto la Kyela tukiangalia dakika zikihesabiwa. Lilipowaka, shemeji alimkumbatia.

Kwa bei, mimi nililipa 140,000 pamoja na rimoti. Shemeji alilipa 380,000, ukiacha usafiri. Tofauti hiyo si tamaa ya fundi. Ukiwa na ufunguo mmoja mkononi, gari lenyewe linamfungulia fundi njia. Usipokuwa nao, anaanza kwa kupigana na ulinzi uliotengenezwa makusudi kumzuia mtu kama yeye.

Kuna mambo ambayo sikuyapenda. Risiti niliyopewa ni ya kuandikwa kwa mkono, na dhamana ya miezi 3 aliitaja kwa mdomo tu mpaka nilipomwomba aiandike. Kazi nzuri kama hii inastahili karatasi nzuri, na mteja anayetoka Mbalizi au Chunya anahitaji kitu cha kuonyesha akirudi. Kichwa cha plastiki cha ufunguo mpya ni chepesi kuliko cha asili, na kimeanza kuachia kwenye maungio. Nimekifungia kava ya mpira. Simu yake haipokelewi akiwa kazini, kwa hiyo tuma ujumbe, atajibu jioni.

Pale kibandani alinipa pia ushauri ambao umenisaidia mwezi wa 6 na wa 7, baridi inapokaza na betri ndogo zilizochoka zinapoonyesha uchovu wao. Badilisha betri ya rimoti mapema, na usome namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, kwa mfano CR2032 au CR2016, kwa sababu unene haulingani. Kwa Toyota za kitufe, betri ikikuishia njiani gusisha kichwa cha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki. Ndani ya kichwa hicho kuna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango. Shemeji hakuwa anajua kama upo, na nadhani wengi hawajui.

Ukienda, fika asubuhi, kabla gari za wateja wa minada hazijajaa. Beba kadi ya gari, kitambulisho, na funguo zote ulizonazo, maana kwenye baadhi ya magari usajili mpya hufuta ule ambao haukuletwa. Mwambie unataka kusajili, si kunakili, na umwombe akuonyeshe kwenye kioo idadi ya funguo kabla na baada. Mimi narudi kwake wiki ijayo na Noah ya dada yangu wa Tukuyu, nayo ina ufunguo mmoja.